Dobi Aliyekidai Kimondo Fidia

Mtaani chini ya kilima mafundi cherehani walikuwa wengi kuliko nguo za kushona, lakini dobi alikuwa mmoja tu, naye alitosha. Mikono yake ikishika suruali, suruali inatubu yenyewe kabla haijaona sabuni. Shati alilolipiga pasi, inzi akitua kwenye kola huteleza mpaka kifungo cha mwisho, na wapo watu wazima wenye akili zao timamu walioshuhudia. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Watu walimwita Dobi, mume wake alimwita Dobi, na hata yeye mwenyewe akigonga mlango wa watu na kuulizwa nani, alijibu, "Dobi," na mlango ukafunguliwa.

Alianza kufua akiwa msichana kwa mjomba wake, mzee aliyekuwa na pasi ya mkaa nzito kama ndama. Mjomba hakuwa mtu wa maelezo. Alimtupia shuka chafu, akamwambia, "Ongea nalo," akaenda zake. Dobi akaongea na lile shuka mpaka likakubali. Alipoolewa, akakuta uani kwa wakwe kisima kilichochimbwa na baba mkwe kwa sururu, na kando ya kisima jiwe pana la kijivu ambalo mzee huyo aliliviringisha kutoka kilimani. Jiwe lilikuwa na mistari mingi iliyoanzia kwenye ncha moja ikatawanyika kuelekea chini, kama mkia wa farasi. Ukisugua nguo juu ya mistari ile, uchafu unakimbia bila kuaga. Dobi alilipenda siku ile ile. Wifi yake, aliyekaa chumba cha mbele, huapa kwamba mwanamke yule aliolewa na jiwe, kaka mtu alikuwa mshenga tu.

Basi mambo yakaenda vizuri miaka na miaka. Kisha mvua zikawa za kudokoa, na kisima kikabadilika tabia. Kwanza kilitia chumvi kidogo, ya kumfanya mtu akunje uso. Halafu kikazoea. Ikafika mahali shati likikauka kwenye kamba linasimama wima peke yake, na ukilisukuma linakusukuma. Sabuni ikagoma kutoa povu. Mashuka meupe ya nyumba ya wageni, ambayo ndiyo yaliyompa Dobi kazi ya kila siku na heshima ya mjini, yakaanza kurudi yana rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

"Wifi yangu," wifi aliuliza dirishani, "haya mashuka umeyafua au umeyakaanga?"

"Nimeyafua."

"Basi mwombe radhi aliyeyaleta, maana aliyaleta yakiwa meupe."

Mwenye nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, tumbo mbele, shuka mkononi. "Dobi, mimi nakuheshimu. Lakini wageni wangu wanadhani nimewatandikia ramani. Mwezi ukiisha hivi hivi, nayapeleka kwa yule kijana wa sokoni mwenye mashine ya kufulia."

Dobi hakuwa na shaka mkosaji ni nani. Wajenzi wa barabara walikuwa wamepasua mwamba nyuma ya kilima kwa baruti, sahani zikacheza kwenye makabati mtaa mzima, na bata mmoja akataga mayai yaliyokwisha kupasuka. Baada ya hapo ndipo kisima kikageuka. Msimamizi wa barabara aliwatuliza watu kwa neno moja: watakuja wataalamu wa athari, na atakayekutwa na athari atafidiwa. Neno hilo likakaa mtaani kama mgeni wa kudumu. Asubuhi watu walisalimiana, wakaulizana, "Wa athari wamefika?" Dobi hakutaka bahasha ya mtu. Alitaka wamchimbie kisima kingine, chenye maji yanayosikilizana na sabuni.

Kwa hiyo siku gari lilipofika, limepakwa matope mpaka kwenye vioo, akashuka binti mrefu mwenye kofia pana, nyundo kiunoni na kijilenzi kimening'inia shingoni, na binti akasema, "Hodi, mama, samahani, sisi tunatafiti athari," Dobi aliacha suruali ya mtu ikielea, akafuta mikono kwenye khanga.

"Karibu sana, mwanangu. Athari zipo. Zimejaa. Sema tu unataka za ukubwa gani."

Macho ya binti yakang'aa. "Kweli, mama? Umeziona wapi?"

"Anza na ukuta."

Ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele tangu enzi za mama mkwe. Lakini wiki ile Dobi alikuwa ameushughulikia kwa kisu cha jikoni, na sasa ungeweza kupitisha kuku. Binti akatia kidole, kikatoka na unga mpya wa chokaa. Akatazama dirishani, akakiona kisu nacho kimejipaka chokaa mpaka mpinini. Akauma mdomo.

"Huu ufa ni mchanga mno, mama. Mimi natafuta athari ya zamani."

"Zamani gani tena? Baruti si zimepigwa mwaka jana?"

"Baruti zipi?"

"Mwonyeshe na kichwa chako, wifi!" sauti ikatoka dirishani. "Nacho kina ufa!"

Dobi alikuwa anamgeukia wifi yake, alipoona binti amepiga magoti kisimani. Alikuwa amelikumbatia lile jiwe la kufulia. Alipitisha vidole kwenye mistari kutoka kwenye ncha mpaka chini, akaweka lenzi jichoni. Dobi akamfuata mbio.

"Hiyo mikwaruzo sikuitia mimi!" alisema. "Ukuta, sawa, tuseme kisu kiliteleza. Lakini jiwe, haki ya Mungu, sijaligusa ila kwa sabuni."

"Najua, mama. Hakuna mtu mwenye nguvu za kuichora. Hata baruti haziwezi. Hii ndiyo athari yenyewe."

"Athari ya nini sasa?"

"Ya kimondo."

Hapo kichwa cha wifi kikatokea chote dirishani.

"Kimondo hiki," Dobi aliuliza polepole, "kilianguka lini?"

"Mamilioni ya miaka. Kabla hajakuwako mtu yeyote duniani."

"Na hapa alikuwa anakaa nani?"

"Hakuna aliyekuwa anakaa, mama."

"Sasa fidia analipwa nani?"

Binti akacheka mpaka kofia ikaangukia kwenye beseni. Alipopata pumzi akaeleza kwamba yeye hana undugu na watu wa barabara. Athari anayoitafuta yeye ni kishindo, ni pigo ambalo mbingu iliipiga ardhi. Dobi akajiinamia. Aliona kisima chake kipya kinaondoka zake kwa miguu, na wala hakigeuki nyuma. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, na kwa kuwa udadisi ulimwasha, alimvutia mgeni kigoda.

"Haya, mwanangu. Hebu nipe habari za huyo kimondo, maana nimemdai bure bila kumjua."

Binti akaokota kokoto, akaomba beseni lenye maji ya sabuni yaliyotulia. Akaidondosha kokoto katikati. "Umeona? Maji yamefunguka shimo, ukingo umeinuka pande zote, halafu katikati pamerudi juu, paa, kama kidole. Sasa fikiria kokoto hiyo ni kubwa kuliko kilima chako, na inakuja kwa kasi ambayo risasi ikiiona itaona haya. Mwamba nao ulifanya hivyo hivyo. Kwa dakika chache mwamba mgumu ulikwenda kama maji, kisha ukaganda. Ile milima inayotuzunguka ndiyo ukingo wa beseni. Na kilima hiki cha nyuma ya nyumba yako ni kile kidole cha katikati."

Dobi akainua macho. Milima ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, mbali, ya buluu, imezunguka kila upande, na kuivuka kwa gari kulichukua nusu ya asubuhi. Watu walisema palikuwa mdomo wa volkano. Baba mkwe yeye alisema lilikaa jitu likivaa viatu. Hakuna aliyewahi kusema beseni, na hali yeye alishinda ameinamia beseni maisha yake yote.

"Na kokoto yenyewe? Imezikwa humu? Maana kuna watu walichimba wakitafuta chuma cha mbinguni mpaka wakatokea sebuleni kwa mtu."

"Haipo. Iligeuka mvuke. Ulishatemea mate pasi ya moto?"

"Kila siku."

"Basi ndivyo."

Dobi akatikisa kichwa. Yule aliyefanya fujo zote hizi hakuacha hata kiatu! Akauliza ni kwa nini basi watu wanatoka mbali na kulala kwenye mashuka ya nyumba ya wageni kwa ajili ya shimo la marehemu.

"Kwa sababu dunia hii, mama, inajifua," binti alisema. "Mvua, upepo, mito, vyote vinafuta makovu. Mwezini hakuna dobi, ndiyo maana mashimo yake yote tunayaona. Hapa kwetu yamebaki machache. Haya makubwa yanatuambia mambo ambayo hayaandikwi penginepo. Vimondo vya namna hii vimewahi kubadili maisha ya dunia nzima. Na chembe za mchanga wa hapa, ukiziweka kwenye hadubini, zina mistari ndani kwa ndani iliyojipanga. Volkano haiwezi kuifanya. Ni kama shuka lililokunjwa bichi likakaa miaka. Lile kunjo huliondoi hata kwa pasi ya shetani."

"Mwanangu, wewe umewahi kufua."

"Mama yangu alinisomesha kwa beseni."

Basi wakawa marafiki. Binti akachota maji ya kisima, akaonja, akakunja uso, akatoa habari mbaya na nzuri kwa pumzi moja. Mbaya ni kwamba baruti hazikuhusika. Baada ya kimondo, shimo lilijaa ziwa, ziwa likakauka, likaacha matope yenye chumvi. Kisima cha baba mkwe kilikuwa kimesimama kwenye matope hayo. Mvua nzuri zilikuwa zinakitilia maji matamu juu, na mvua zilipopungua, chumvi ikapanda.

"Kwa hiyo kisima changu kimeharibiwa na ziwa lililokufa," Dobi alisema. "Nalo niende kulidai?"

"Ngoja. Chini ya matope kuna mwamba uliovunjwavunjwa na kile kishindo. Mwamba mzima haupitishi maji. Uliovunjika unaweza kuyaleta kutoka milima ya ukingoni, yakapita chini kwa chini. Inawezekana yapo matamu huko. Sijui. Tunataka kuchoronga, yaani kutoboa ardhi kwa mtambo, tutoe sampuli za mwamba, na mahali pazuri ni hapa mtaani kwenu, mguu wa kilima. Lakini kila tuliyemwomba uwanja ametukatalia."

Dobi alisikia neno moja tu katika hayo yote, nalo ni inawezekana.

"Chorongeni kwangu."

"Sikiliza vizuri, mama. Tundu letu si kisima. Ni jembamba, na tukimaliza tunaliziba kwa saruji. Ndiyo kanuni. Na kamba zako zote itabidi zishuke, mtambo ni mkubwa."

"Chorongeni kwangu, nimesema."

Wifi alitoka nje kabisa, kwa mara ya kwanza bila kuitwa. "Wifi, umerogwa? Kamba zikishuka utaanika wapi? Kwenye masikio yako?"

Dobi alijua. Kushusha kamba ni kumpa yule kijana wa mashine mashuka kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kwa maji yale angeyapoteza tu, mwezi huu au ujao. Akajikaza kisabuni, akafungua fundo la kwanza.

Mtambo ulipofika, ulilia kama tembo mwenye jino bovu. Vumbi likaingia mpaka kwenye ndoto za watu. Mwenye nyumba ya wageni alifika, akaona uani pamegeuka karakana, akakusanya mashuka yake, machafu kwa masafi, akaondoka nayo. Dobi akabaki na beseni tupu mapajani. Mikono ile ambayo haikuwahi kukaa bure ikaanza kuchubuana yenyewe kwa yenyewe.

Fundi wa mtambo alikuwa jitu la miraba minne. Tangu alipotia mguu uani, wifi alianza kusuka nywele upya na kumpelekea maji ya kunywa, ya kisima kile kile. Fundi aliyanywa yote, kwa heshima, akasema yana ladha ya kukumbukwa.

Kila siku walivuta kutoka ardhini gogo la udongo jembamba kama mchi, wakalilaza kwenye visanduku. Kwanza lilitoka tope lenye milia, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Binti aliisoma milia hiyo kama watu wanavyosoma kitabu. Hapa mvua zilinyesha vizuri. Hapa ziwa lilikonda. Alisema siku moja matope haya yatasaidia watu kujua ukame kama wa sasa huwa unakaa muda gani kabla haujachoka. Dobi alikaa pembeni na kuuliza, "Na maji?" Binti akajibu, "Bado, mama." Kesho yake, "Na maji?" "Bado." Mpaka fundi akaanza kumjibu kwa mbali kabla hajafungua mdomo.

Halafu tope likaisha, na gogo likatoka lina viraka. Vipande vya mwamba wa kila rangi, vikubwa kwa vidogo, vimeshikamana kama blanketi la mtu asiyetupa kitu. Binti alirukaruka, akamkumbatia fundi, akamkumbatia Dobi, angemkumbatia na wifi asingekuwa ana mafuta ya nywele. Huo ndio ulikuwa mwamba uliorushwa angani siku ya kishindo ukarudi kuanguka shimoni mchanganyiko. Kwa binti, kazi ilikuwa imefana. Dobi alifurahi kwa ajili yake kwa nusu ya moyo. Nusu nyingine ilikuwa imeinama juu ya lile tundu.

Wakaendelea kushuka. Mchana mmoja mtambo ukabadilisha sauti, ukakoroma. Fundi akapiga kelele watu warudi nyuma. Mara tundu likapiga chafya, likatema tope, likatema mchanga, kisha maji yakapanda yenyewe, bila kamba wala ndoo, yakaivua kofia ngumu ya fundi kichwani na kuiweka juu ya paa la jirani. Wifi anasema yaliivua na kuinyoosha. Milima ya ukingoni iko juu, binti alieleza baadaye, matope yamekaa kama kifuniko, na maji yalikuwa yamebanwa chini yake yakisubiri mlango.

Dobi hakusubiri maelezo. Alisukuma beseni, akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena. Kisha akamgeukia fundi, akamvua koti lake la kazi akiwa bado amelivaa, akatupia sabuni.

Povu likaja. Lilijaa beseni, likamwagika miguuni, likapanda mpaka viwiko, jeupe, nene, linachekacheka. Dobi alilia waziwazi na hakujifuta, maana mikono yote ilikuwa na povu.

Lakini fundi alikuwa tayari anakoroga saruji. Hakuwa mtu mbaya. Kanuni ilisema tundu linalotoa maji lizibwe mara moja, yasipotee bure. Dobi akasimama kati ya saruji na tundu, koti la fundi likimdondokea matone.

"Baba, ukitaka kuziba, anza na mimi."

"Mama, mimi natumwa tu."

"Na mimi sijatumwa na mtu. Nimesimama mwenyewe."

Binti alikuwa ameshashika simu, anatembea huku na huku uani. Ilikuwa ni kubishana. "Hapana, mkuu... ndiyo, matamu... ndiyo, najua kanuni." Dobi alimtazama mdomo kana kwamba angeweza kuyasukuma maneno yatoke. Mwisho binti akashusha simu.

"Mkuu amekubali tuweke bomba na koki, tuwe tunakuja kupima maji yanavyobadilika. Lakini kuna sharti, mama. Maji haya hayatakuwa yako. Yatakuwa ya mtaa. Kila mtu atachota, na wewe utakuwa mtunzaji wa koki."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

Dobi akageuza shingo. Wifi alikuwa amekwisha kutokea na ndoo, na tabasamu la kuanzia sikio mpaka sikio. Mwanamke aliyemcheka mabeseni yakiwa yamejaa na akamcheka yakiwa matupu, sasa achote uani kwake, asubuhi na jioni, na maneno yake yote? Dobi alitamani kisima kimoja maishani ambacho angekifunga kwa ufunguo. Alitazama lile povu likianza kupotea kwenye beseni, kiputo kimoja kimoja.

"Ndoo yako ni chafu," alimwambia wifi. "Ioshe kwanza."

Wifi akainama, akaiosha. Na huo ndio uliokuwa mkataba.

Kazi ya kwanza kwenye maji mapya ilikuwa nguo za wachorongaji. Zilikuwa na tope la ziwa, vumbi la mwamba, grisi na jasho la wiki kadhaa, zinasimama zenyewe uani kama watu wanaosubiri kuhudumiwa. Dobi alikuwa amezizamisha mpaka kwenye kola, kamba zimefungwa upya, aliposikia mtu anahema mlangoni. Ni mwenye nyumba ya wageni, na furushi la mashuka kichwani, amelibeba mwenyewe. Mashine ya yule kijana ilikuwa inakunywa maji ya mjini, nayo yana chumvi ile ile ya ziwa lililokufa, na juu ya hayo ilikuwa imetafuna foronya.

"Dobi," alisema, "nasikia kuna maji ya kimondo."

"Yapo."

"Nitayapata lini mashuka yangu?"

Dobi hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika mguu wa suruali ya fundi, na maji yalikuwa yanabadilika rangi mikononi mwake, mekundu, kijivu, kisha safi.

"Weka hapo nyuma ya suruali hii," alisema. "Na uvue viatu, umenikanyagia povu."